Kipozeo cha Injinia

Kwa kazi alikuwa msoma mita za maji, lakini mtaa mzima ulimwita Injinia, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Jina lilianza siku alipoiunda kompyuta ya nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, kipande kwa kipande, juu ya meza ya sebuleni, majirani wamejazana mlangoni kushuhudia. Ilipowaka, kinyozi wa kona ya pili alipiga makofi akasema, "Huyu si msoma mita, huyu ni injinia!" Tangu siku hiyo hata mama yake mzazi aliacha kumwita kwa jina alilompa mwenyewe. Miaka minne ilikuwa imepita, na cheo kisicho na barua ya uteuzi ndicho kigumu zaidi kukistaafu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mkewe, Mama Pacha. Huyu alikuwa mchora katuni, tena mchora katuni wa kweli, hakuupata ujuzi wake kwa kinyozi. Alichora wanyama wanaosema na kutembea kwa ajili ya vipindi vya watoto, na kazi hiyo ndiyo iliyowavisha pacha wao sare za shule. Sasa shirika moja la vipindi vya watoto lilikuwa limempa jaribio: katuni ya dakika kumi, hadithi ya kobe anayechelewa shule kila siku. Iwafikie Ijumaa saa sita mchana, nzima, bila kasoro. Ikiwapendeza, angepata mkataba wa mwaka. Ikichelewa, basi, wachoraji wako wengi.

Michoro aliimaliza mapema. Kilichobaki kilikuwa kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikusanye maelfu ya michoro ile na kuifanya video moja. Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, kwa sababu kompyuta ile ilikuwa na homa. Ukiandika barua, haina neno. Ukitazama picha za harusi, haina neno. Lakini ukiipa kazi ya haja, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, ilipanda joto hadi digrii tisini na nane, feni yake ikapiga mayowe, kisha kioo kikawa cheusi na nyumba ikawa kimya. Kazi yote ya asubuhi imekwenda na maji.

Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamejipanga kwa ajili ya homa hiyo. Feni moja ya mezani waliyokuwa nayo haikupuliza watu, ilipuliza kompyuta. Watu walijipepea kwa madaftari ya shule. Dirisha la upande ule lilikaa wazi hata mvua ikinyesha. Mama Pacha aliamka saa kumi alfajiri ili awahi kabla ya jua, akaikata kazi vipande vya nusu saa nusu saa, na kati ya kipande na kipande aliiacha mashine ipumue. Yeye mwenyewe alipumua akipata nafasi.

"Tatizo si mashine," Injinia alimwambia kila ilipozima, kwa ile sauti ya upole ya daktari anayetoa habari mbaya. "Mashine niliiunda vizuri. Tatizo ni matumizi. Una mkono mzito, mke wangu. Unaitumikisha kama punda."

Mwaka wa kwanza Mama Pacha alibisha. Mwaka wa pili aliacha kubisha. Mwaka wa tatu alianza kuwaambia watu yeye mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ana mkono mzito na mashine hazimpendi.

Safari hii, hata hivyo, maji yalikuwa yamefika shingoni. Wiki tatu kabla ya Ijumaa ile alimketisha mumewe kwenye sofa. Kukaa kwenye sofa za nyumba ile kulikuwa na sauti yake, kwa kuwa zilikuwa bado zimevaa nailoni za dukani. Mlango wa jokofu nao ulikuwa na nailoni, rimoti ya televisheni vilevile, saa ya ukutani vilevile. Bibi, yaani mama yake Injinia aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyemlea mwanawe katika imani hiyo: kitu ukikivua nailoni, umekianzishia uzee. Mwanawe aliishika kuliko alivyoshika masomo.

"Tafuta dawa, mume wangu," alisema Mama Pacha. "Nasikia madukani kuna vipozeo vikubwa kuliko hiki kilichomo."

Macho ya Injinia yaliwaka. "Vipo. Lakini kipozeo hakinunuliwi hivihivi. Kipozeo huchaguliwa."

Na alichagua, jamani! Kipozeo ni donge la chuma lenye mapezi na feni, kinakaa juu ya prosesa na kazi yake ni kuinyonya joto na kulitoa nje. Ni hiyo tu. Lakini Injinia alichukua daftari jipya, lile la kuandikia mita, akachora safu: uzito, mizunguko ya feni kwa dakika, kelele, idadi ya mirija ya shaba, unene wa mapezi, maoni ya wataalamu. Wataalamu walikuwa watu wa kwenye video, vijana wa nchi za mbali wanaofungua maboksi huku wakishangaa. Injinia aliwaamini wote, hasa wale waliopingana.

Baraza lilikaa kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na msimamo mmoja, vya maji. Vipo vipozeo vinavyozungusha maji kwenye mirija, na kwake hapakuwa na mjadala.

"Gari linapozwa na nini?" aliuliza, mashine ya kunyolea ikiwa hewani. "Maji. Chuma cha mhunzi kinapozwa na nini? Maji. Wewe mwenyewe ukirudi na jua unaomba nini?"

Injinia alicheka kicheko cha mtu aliyeudhiwa kitaaluma. "Nisikilize, bwana. Maji nayajua mimi. Miaka kumi na minne natembea na maji. Duniani kuna bomba linalovuja na bomba litakalovuja, la tatu sijaliona. Leo nilipitishe juu ya umeme, ndani ya nyumba anamolala mama yangu?"

"Basi chukua cha hewa."

"Cha hewa kipi? Ndiyo hoja hiyo. Cha mnara mmoja au minara miwili? Mirija minne au sita? Feni ivute au isukume?"

Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akaomba, kwa adabu, kama nusu ya pili inaweza kumalizwa.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa na neno. Bibi alitaka cha kimya, maana kilichokuwepo kilimfanya akose taarifa za vifo redioni. Pacha walitaka chenye taa za rangi. Injinia akaongeza safu ya ukimya na safu ya taa. Mama Pacha ndiye pekee aliyeuliza, "Lini?" Daftari halikuwa na safu ya lini.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mama Pacha akawa anajaribu kivyake, na kila mara mambo yalikuwa yaleyale: kobe anatembea, anatembea, anaufikia mlango wa shule, na mashine inazima. Akiunganisha vile vipande vya nusu saa, sauti inaachana na midomo, na shirika lilikuwa limesema wazi kwamba halitaki viraka. Jumatano asubuhi alimkuta mumewe bado anapima ubora wa mapezi. Akalifunga daftari kwa kiganja chake. "Leo," alisema. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana Injinia aliondoka.

Muuza vipuri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Aliuliza prosesa ni ya aina gani, akapewa mhadhara wa robo saa. Akauliza kasha la kompyuta lina nafasi kiasi gani ndani.

"La kawaida," alisema Injinia. Mtu huyu alikula kwa kusoma namba, na daftarini mwake mlikuwa na namba arobaini na tatu kuhusu vipozeo, lakini kasha lake mwenyewe hakuwahi kulipima. Alilichagua yeye, sasa alipime la nini?

"Na hicho cha zamani umeshakifungua?" muuza vipuri akaendelea. "Unakitoa, unakipangusa, unapaka krimu mpya ya kupitisha joto, unakirudisha. Wengi wanaponea hapo."

Injinia alitabasamu. "Dada, hiyo kompyuta niliiunda mimi."

"Ndiyo maana nauliza, kaka."

Hakuielewa kauli hiyo, akaiona kama sifa. Akachagua kirefu kuliko vyote dukani: minara miwili, feni mbili, mirija sita. Alikibeba mtaani boksi likiwa kifuani, picha ikitazama mbele ili asimnyime mtu kuiona.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Saa tisa alasiri alitandika shuka mezani, akapanga bisibisi kwa ukubwa. Bibi alikuwa kwenye sofa. Kinyozi alikuwa amefunga duka na kuja kama mjumbe wa upande wa maji. Mama Pacha alisimama nyuma ya kiti, kucha kinywani.

"Kurenda ni masaa saba," alisema. "Ikianza jioni hii, kesho asubuhi natuma. Ikizima mara moja tu, nimekosa."

"Haitazima," alisema Injinia, akaanza kulegeza skrubu za kipozeo cha zamani. Kilikuwa kimeganda. Akakizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, kikaachia. Akakigeuza, akiwa amewapa wote mgongo.

Chini ya kipozeo, kati ya shaba yake na pale inapokaa prosesa, kulikuwa na kipande cha nailoni. Kidogo tu, cha ukubwa wa biskuti. Kilikuwa kimebadilika rangi kikawa kahawia, pembe zimejikunja kwa joto, lakini maandishi mekundu ya onyo yalikuwa bado yanasomeka: ondoa kabla ya kufunga.

Laiti angekuwa alisahau! Kusahau kuna msamaha wake. Lakini alikumbuka vizuri sana. Miaka minne nyuma, mezani palepale, alilisoma onyo lile. Akaitazama shaba iliyong'aa chini ya nailoni, akaona ni haramu kuichafua siku ya kwanza, akajiambia maonyo kama yale huandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kutunza vitu. Akapaka krimu juu ya nailoni, kwa ustadi, akakaza skrubu. Miaka minne joto la prosesa lilikuwa likibisha hodi kwenye nailoni ile, na hakuna aliyelifungulia. Miaka minne ya kuamka alfajiri, madirisha wazi kwenye mvua, watoto wakitokwa na jasho.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Vumbi," alisema Injinia, na nailoni ikaingia mfukoni.

Akafungua boksi jipya. Nacho kilikuwa na nailoni yake chini, na safari hii akaibandua.

"We mwanangu!" Bibi akashtuka. "Unakivua? Kipya hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Dunia imeisha."

Haikuwa imeisha bado. Alipokiteremsha kile kigogo cha minara miwili ndani ya kasha, kiligoma. Juu ya prosesa palikuwa na boksi la umeme la kompyuta, na kipozeo kiligonga boksi hilo vidole vitatu kabla ya kufika chini. Akakilaza. Akakigeuza. Akakisukuma kwa kiganja mpaka kinyozi akageuza uso. Mwishowe alichukua rula ya pacha na kupima, kwa mara ya kwanza, akapata namba ya arobaini na nne, ile aliyopaswa kuanza nayo.

"Hakiingii?" aliuliza kinyozi. "Mirija ya maji ingepinda."

Saa ilikuwa inaelekea kumi na moja. Duka la vipuri lilikuwa mbali na lilikuwa linafungwa. Mama Pacha alikuwa anatazama saa tu. Hapo hapakuwa na la kuchagua tena. Alikichukua kipozeo cha zamani, akakipangusa mpaka shaba ikatoa uso wake, akapaka krimu iliyokuja na kile kipya, akakirudisha mahali pake na kukaza. Akawasha.

Digrii thelathini na nane. Mama Pacha akaanza kurenda. Arobaini na tano. Hamsini na mbili. Sitini na moja, ikatulia hapo. Feni ilizunguka kwa sauti ya mtu anayenong'ona, na kobe akaufikia mlango wa shule, akaingia, akaketi, akatoa daftari. Bibi alipiga kigelegele. Mama Pacha alilia waziwazi, akicheka.

"Ni kilekile cha zamani?" aliuliza kinyozi, ameduwaa.

"Kilekile."

"Umekifanyaje?"

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana kabisa, na Injinia aliiona ikipita. "Nimerekebisha mgandamizo wa joto," alisema. Kitu hicho hakipo popote duniani, lakini wote waliitikia kwa vichwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi katuni ilikuwa imeshatumwa. Mama Pacha alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo mashuka ya kitanda kile yalikuwa yamelisahau. Injinia aliporudi kutoka kusoma mita alasiri alikuta watu watatu wanamsubiri barazani chini ya dirisha, wametumwa na kinyozi. Wawili walikuwa na kompyuta zenye homa. Wa tatu alikuwa na pasi.

Hakuwahi hata kuwasalimu vizuri, mkewe akamwita ndani. Uso wake ulikuwa umenawiri.

"Wamenipigia. Wamenipa mkataba!"

"Hongera, mke wangu! Hongera sana!"

"Wanataka niende ofisini kwao. Wana chumba kizima cha wachoraji, mashine nane mpya, meza yangu mwenyewe. Au nikitaka, nifanyie hapahapa nyumbani. Nimewaomba nusu saa nifikirie."

"Na umefikiria?"

"Nabaki hapa."

Furaha ilimjaa Injinia, haina haja ya kufichwa. Chakula cha mchana, sauti yake ndani ya nyumba, kompyuta aliyoiunda yeye. "Ni kweli," alisema. "Mashine sasa imepona."

"Wala si hilo," alisema Mama Pacha. "Ni mashine za watu, mume wangu. Mkono wangu unaujua. Nikiwaunguzia hata moja nitaificha wapi sura yangu? Hapa nikiunguza, nimeunguza cha kwetu, na fundi ninaye." Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja saizi ya viatu vyake. "Hata mwaka juzi waliniita mahali. Sikukwambia. Niliogopa hivyohivyo, nikakataa."

 Injinia angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimdai jibu, na nusu saa ingepita yenyewe. Alimtazama mkewe, mwanamke aliyeweza kumfanya kobe atembee na watoto wacheke, amesimama sebuleni kwake anaogopa kugusa meza ya ofisi, na akajua ni nani aliyemtia woga ule. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akatia mkono mfukoni.

"Nini hii?" aliuliza Mama Pacha, nailoni ikiwa kiganjani mwake.

"Ilikuwa chini ya kipozeo. Niliiacha siku ile nilipoiunda kompyuta. Ilikuwa inazuia joto lisitoke. Jana sikurekebisha mgandamizo wowote. Nimeitoa hiyo tu."

Mama Pacha aliigeuza upande wa maandishi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha."

"Sasa nailoni ina kosa gani?" Bibi aliingilia kutoka kwenye sofa. "Si imekilinda kitu mpaka leo..."

"Mama, tafadhali," alisema Injinia.

Nje, kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, watu watatu walikuwa wamesikia kila neno. Yule wa pasi aliibeba pasi yake akaondoka zake, na wenzake wakafuata bila kuaga. Kabla ya jua kuzama kinyozi angekuwa nayo habari yote, na chumvi juu yake. Injinia alisikia nyayo zao zikiishia, na hakugeuka.

Mama Pacha alichukua simu. "Halo. Ndiyo, ni mimi. Nitakuja ofisini. Jumatatu." Akasikiliza. "Hapana, sina ya kuchagua. Nipeni mashine yoyote tu." Akaagana nao vizuri, akaiweka simu mezani, akamgeukia mumewe. "Haya, sema."

"Kitaalamu," alianza Injinia, "joto la prosesa huwa linahitaji..."

"Baba Pacha."

Akauacha utaalamu. Akalisema neno lililokuwepo. "Nisamehe."

"Nikusamehe nailoni?"

"Hapana. Nailoni niliiacha siku moja tu. Nisamehe kwa kukwambia kila siku, miaka minne, kwamba kosa ni la mkono wako."

 Machozi yalimlenga Mama Pacha lakini hayakushuka.

"Nimekusikia," alisema. Hakusema amemsamehe. Alikwenda chumbani kutafuta nguo ya kuvaa Jumatatu, akafunga mlango taratibu.